Tiba ya leza kwa madoa ya ngozi

Tiba ya leza kwa madoa ya ngozi ni njia ya kupunguza au kuondoa madoa meusi na ya kahawia kwa mwanga wa leza. Hutumika hasa kwa madoa ya uzee, yaani mabaka bapa yanayotokea usoni na mgongoni mwa viganja kwa watu waliopigwa na jua miaka mingi, zaidi wenye ngozi nyeupe.

Jinsi inavyofanya kazi

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, na doa hutokea mahali ilipozidi. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba kitu cheusi hufyonza mwanga na kupata joto kuliko cheupe. Leza hutumia kanuni hiyohiyo. Mwanga hupigwa kwa muda unaohesabiwa kwa nanosekunde (sehemu moja ya bilioni ya sekunde). Melanini huufyonza na kupasuka kabla joto halijasambaa pembeni. Kigaga hutokea, kisha huanguka, na mwili huondoa mabaki.

Historia

Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman huko California, Marekani, mwaka 1960, akitumia yakuti. Daktari wa ngozi Leon Goldman wa Cincinnati alianza kuijaribu kwenye ngozi miaka michache baadaye. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Boston walieleza jinsi ya kulenga melanini au mishipa ya damu bila kuunguza sehemu za jirani.

Ngozi nyeusi

Hapa ndipo penye tatizo kwa wasomaji wengi wa Kiswahili. Leza haitofautishi melanini ya doa na melanini ya ngozi nzima inayolizunguka. Mtu mweusi anaweza kuungua, kupata doa jeusi kuliko la kwanza, au kubaki na baka jeupe. Mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ni salama zaidi kwake kuliko ule wa 532 au 694, kwa sababu melanini huufyonza kidogo na hupenya chini zaidi. Hata hivyo daktari mwangalifu hujaribu kwanza sehemu ndogo iliyofichika na kusubiri wiki kadhaa.

Si kila doa linafaa. Melasma, mabaka ya usoni yanayowapata hasa wanawake, mara nyingi wakati wa ujauzito, hurudi baada ya leza na pengine huzidi. Vinundu vidogo vyeusi vya mashavuni, ambavyo wazee wengi wa Kiafrika wanavyo na hurithiwa katika familia, havina madhara yoyote. Kuna pia weusi wenye ubuluu unaoletwa na hidrokinoni ya mkorogo uliopakwa miaka mingi. Huu ni mgumu kuondoa hata kwa leza.

Uchunguzi kabla ya tiba

Doa linalokua, kubadilika rangi au kutoka damu lisipigwe leza kabla ya kuchunguzwa, kwani huenda ni melanoma, aina ya saratani. Kwa Waafrika saratani hiyo hutokea mara nyingi kwenye wayo, mahali ambapo watu hawajichunguzi. Leza huweza kufuta rangi ya juu na kuacha saratani ikiendelea chini. Nchini Tanzania, madaktari wa ngozi hufunzwa katika kituo cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi.

Baada ya tiba mgonjwa hujikinga na jua kwa kofia na mafuta maalumu, kwa maana jua hurudisha madoa.