Kuyapima Maji ya Chini ya Ardhi

Maji ya chini ya ardhi hayakai, kama wengi wadhanivyo, katika ziwa lililofichika, bali hujipenyeza baina ya chembe za mchanga na katika nyufa za majabali. Kwa hiyo mwenye kuchimba kisima hana budi kujua wepesi wa maji kupita katika tabaka analolichimba, na kiasi kinachoweza kuhifadhiwa humo.

Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, katika kitabu chake cha mwaka 1856 juu ya maji ya mji wa Dijon, alibainisha kwamba maji yapitayo katika bomba lililojaa mchanga huongeza mwendo kwa kadiri tofauti ya kimo cha maji baina ya ncha zake inavyozidi. Lakini mchanga wa bomba si ardhi yenyewe. Mwaka 1935 Mmarekani Charles Theis alionyesha jinsi ya kukisaili kisima: pampu huvuta maji kwa kiasi kisichobadilika, na kwenye kisima cha jirani mtu huteremsha utepe, akiandika kimo cha maji kila dakika mwanzoni, kisha kwa nafasi ndefu zaidi, ili kwa hesabu akadirie wepesi na kiasi hicho.

Katika bonde la Makutupora, ambalo visima vyake huinywesha Dodoma, maji yamo katika matale yaliyooza na kupasuka, ilhali hesabu ya Theis hudhani tabaka la namna moja pande zote. Basi tahadhari ni wajibu, na kuwaahidi wanakijiji maji ya miaka mingi kwa jaribio la saa chache naona ni dhuluma. Hata pampu ikizimwa utepe haukunjwi, kwani kimo kinapopanda tena nacho huandikwa.