MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Ndugu wasomaji, wengi wetu tunafanya biashara ndogo ndogo. Huyu ana duka la rejareja, yule ana genge la nyanya na vitunguu, mwingine ananunua mahindi kwa majirani na kuyauza mnadani. Mama mmoja anapika maandazi, kijana mwingine anatengeneza baiskeli. Zote hizo ni biashara, na kila biashara inaguswa na sheria.

Wako watu wanaodhani kwamba sheria ni mambo ya matajiri wa mjini. Eti mwenye genge atahitaji sheria ya nini? Lakini ukimpa jirani debe la mahindi, naye akakuambia, "Nitakulipa mwisho wa mwezi," basi nyote wawili mmekwisha ingia katika mkataba. Leo tutaeleza mambo ya sheria yanayowasumbua wenye biashara ndogo hapa Tanzania. Tutakaa zaidi kwenye madeni, maana huko ndiko mitaji mingi inakozama.

MKATABA NI NINI?

Mkataba ni mapatano ambayo sheria inayatambua. Sheria ya Mikataba inataka mambo manne. Kwanza, wanaopatana wawe wametimiza miaka 18 na wawe na akili timamu. Pili, wapatane kwa hiari, bila kulazimishwa wala kudanganywa. Tatu, kila upande utoe kitu, kwa mfano mmoja anatoa bidhaa na mwenzake anatoa fedha. Nne, jambo lenyewe liwe halali. Mapatano ya kuuziana bangi si mkataba mbele ya sheria.

Je, ni lazima mkataba wa dukani uandikwe? Hapana. Mapatano ya mdomo nayo ni mkataba. Ndiyo maana wafanyabiashara wetu wanayo "mali kauli". Mtu anachukua mali kwa neno lake tu, naye analipa baadaye, mara nyingi akishaiuza. Jambo hilo si kosa. Limewainua wengi ambao hawakuwa na mtaji.

Basi shida iko wapi? Shida iko siku mnapokosana. Katika Mahakama ya Mwanzo anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha dai lake. Ukisema, "Ananidai" au "Namdai," hakimu atakuuliza, "Kwa ushahidi gani?" Hapo kauli peke yake inakuwa nyepesi kama pumba.

TUCHUKUE MFANO

Mwenye duka mmoja amemkopesha mkulima bati 20 wakati wa masika. Wamepatana kwamba fedha zitalipwa baada ya kuuza mazao. Hawakuandika kitu, maana watoto wao wameoana. Miezi saba inapita. Mkulima anasema bei waliyopatana ilikuwa shilingi 420,000. Mwenye duka anasema, "La, ilikuwa 500,000." Mkulima anasema tena kwamba alikwisha mpa mke wa mwenye duka shilingi 100,000. Mama anasema zilikuwa 60,000.

Hebu tuulize, nani mwongo hapo? Huenda hakuna mwongo hata mmoja. Miezi saba ni mingi, na kichwa cha binadamu kinasahau. Lakini sasa ukweni kumeingia ugomvi, bati zimekwisha pigiliwa juu ya nyumba, na dukani hakuna fedha za kununulia bidhaa nyingine. Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Karatasi moja tu ingeliwaepusha na matanga hayo.

HATI YA DENI IANDIKWEJE?

Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tunayo silaha mkononi. Hati ya deni haihitaji maneno makubwa. Inatosha kuandika hivi:

"Mimi ................ wa kijiji cha ................, leo tarehe ................ nimepokea kwa mkopo kutoka kwa ................ bati 20 kwa bei ya shilingi 500,000 (laki tano). Nitalipa shilingi 250,000 tarehe ................ na shilingi 250,000 zilizobaki tarehe ................. Sahihi ya mkopaji ................ Sahihi ya mkopeshaji ................ Shahidi wa kwanza ................ Shahidi wa pili ................"

Andikeni nakala mbili, kila mtu akae na yake. Fedha iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, ili mtu asije akaongeza sifuri. Asiyejua kuandika asomewe hati yote mbele ya mashahidi, kisha aweke dole gumba. Kila mara anapolipa sehemu ya deni, andikeni kiasi, tarehe na kiasi kilichobaki, halafu wote wawili mtie sahihi.

Kama aliyekuja dukani ni mtoto aliyetumwa na wazazi, usimwandikie deni mtoto. Yeye hajafikia umri wa kufanya mkataba. Mwite mzazi mwenyewe aje atie sahihi.

Na kama malipo yamepita kwenye simu, usifute ule ujumbe. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani kuwa ushahidi.

Neno moja kwa wale wanaoombwa kuwa wadhamini. Mdhamini si shahidi. Shahidi anasema tu aliyoyaona. Mdhamini anaweza kudaiwa deni lile kama mdaiwa mwenyewe. Usitie sahihi ya udhamini kwa kuona haya.

MDAIWA AKIKATAA KULIPA

Wengine wakikataliwa kulipwa wanakimbilia kituo cha polisi. Tuelewane vizuri hapa. Kushindwa kulipa deni peke yake si kosa la jinai. Ni shauri la madai, na polisi hawakuwekwa kukusanya madeni ya watu. Mambo ni tofauti kama mtu alichukua mali yako kwa udanganyifu tangu mwanzo, kwa mfano alijifanya ametumwa na shule kununua vifaa, kumbe hakutumwa. Huo ni utapeli, na utapeli ni jinai.

Wengine nao wanaamua kujilipa wenyewe. Wanakwenda kwa mdaiwa usiku na kuchukua baiskeli au mbuzi wake. Jambo hilo ni la hatari sana. Uliyekuwa unadai haki yako unaweza kugeuka mshtakiwa.

Njia nzuri ni hii. Kwanza, mwendee mdaiwa kwa upole, mkumbushe. Labda mazao hayajalipwa, basi pangeni tarehe nyingine na iandikwe. Pili, kama hasikii, tafuteni usuluhishi mbele ya wazee au viongozi wa kijiji. Mkipatana, mapatano hayo nayo yaandikwe. Tatu, ikishindikana, fungua shauri la madai katika Mahakama ya Mwanzo. Huko mambo yanaendeshwa kwa Kiswahili. Utaeleza dai lako, utalipa ada, kisha mahakama itamwita mdaiwa. Nenda na hati yako, daftari lako na mashahidi wako. Asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufaa Mahakama ya Wilaya katika muda wa siku 30.

Lakini usilale. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 imeweka miaka 6 kwa madai ya mkataba, kuanzia pale haki yako ilipovunjwa, yaani mtu alipotakiwa kulipa asilipe. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi kabla muda huo haujaisha, hesabu inaanza upya. Hiyo ni sababu nyingine ya kuandika.

DAFTARI NA KODI

Daftari halisaidii kwenye madeni tu. Linasaidia pia kwenye kodi. Mwenye biashara ndogo anayelipa kodi kwa makadirio ya mauzo anatozwa kiwango tofauti akiwa na kumbukumbu na asipokuwa nazo.

Tutazame viwango vilivyotolewa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hakutozwa kodi hiyo. Mwenye mauzo ya zaidi ya 4,000,000 mpaka 7,000,000, asipokuwa na kumbukumbu, alitakiwa kulipa shilingi 100,000. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi 4,000,000.

Sasa tupige hesabu. Watu wawili wameuza kila mmoja mali ya shilingi 6,000,000 kwa mwaka. Asiye na daftari analipa 100,000. Mwenye daftari anatoa 4,000,000 kwenye 6,000,000, inabaki 2,000,000. Asilimia 3 ya 2,000,000 ni shilingi 60,000. Daftari limemwokolea shilingi 40,000! Viwango vya kodi hubadilishwa na Bunge, kwa hiyo kila mwaka uliza ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Lakini faida ya kuandika haibadiliki.

LESENI NA MIZANI

Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972. Wenye biashara ndogo huomba leseni kwenye halmashauri yao. Leseni ina tarehe ya kwisha, iandike ukutani usije ukaisahau. Iweke dukani mahali inapoonekana. Na leseni ya duka moja haitumiki kwenye duka jingine. Kila ukilipa ushuru au ada, dai stakabadhi na uitunze.

Mizani nayo ina sheria yake. Mizani ya kuuzia lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa. Kuchezea mizani ni kosa. Kufunga lumbesa pia ni kumwibia mkulima jasho lake. Mnunuzi wa mazao anunue kwa mizani, si kwa macho.

MIKOPO NA NYUMBA

Siku hizi wako wakopeshaji wanaotoa fedha upesi na kutaka riba kubwa. Wananchi wameiita mikopo hiyo "kausha damu", na jina hilo linatosha kutuonya. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wakopeshaji wawe na leseni. Kabla hujapokea shilingi moja, omba uione leseni, soma mkataba mpaka mwisho, na uliza, "Jumla nitarudisha kiasi gani?" Usitie sahihi kwenye karatasi yenye nafasi tupu. Kama huelewi, omba uende nayo nyumbani ukaisome. Mkopeshaji akikataa, hilo peke yake ni jibu.

Na wewe baba, usiweke nyumba rehani kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa isiwekwe rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mama naye vivyo hivyo.

UKIAJIRI MTU

Biashara ikikua utataka msaidizi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mfanyakazi wako mpe maandishi yanayoonyesha kazi yake, mshahara wake na saa zake za kazi. Akipokea mshahara atie sahihi. Kusema "tulielewana tu" hakutoshi kwa mfanyakazi kama kusivyotosha kwa mdaiwa.

WA KUWAULIZA

Kama jambo limekuzidi, usione haya kuuliza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na wasio na uwezo wanaweza kusaidiwa bila malipo. Ofisi ya kata au ya ustawi wa jamii wilayani inaweza kukuelekeza waliko.

Ndugu wasomaji, kumwandikia mtu deni si kumdharau. Unaandika ili aendelee kuwa rafiki yako siku ya kulipa. Anayekusudia kulipa hana sababu ya kuogopa kalamu. Basi kesho ukifungua duka, fungua na daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ni vigumu kuthibitisha mali kauli mahakamani?
2. Shahidi na mdhamini wana tofauti gani?
3. Jirani yako amekataa kukulipa shilingi 80,000. Utafuata hatua zipi?
4. Mtu ameuza mali ya shilingi 5,000,000 kwa mwaka naye ana daftari. Kwa viwango vya mwaka 2019 angelipa kodi kiasi gani? Asingekuwa na daftari angelipa kiasi gani?
5. Andikeni hati ya deni ya magunia 3 ya mahindi, kisha someaneni kwa sauti.