Kuku asiye na kichwa na mwanaboda wa Salgaa

Kama umewahi kuona kuku akichinjwa kule Njoro au Bahati, unajua kioja chake: kichwa kiko chini, kiwiliwili kinatimua mbio uani. Watoto hucheka, wengine husema ni mapepo. Kumbe ni neva tu.

Ndani ya uti wa mgongo mna kamba nene ya neva inayoshuka kutoka kichwani. Wengi hudhani ni waya wa kupitisha amri za ubongo, basi. La hasha. Mna makundi ya seli yanayojua kazi yake: hili likikunja mguu wa kulia, lile linanyoosha wa kushoto, kisha yanapokezana. Mwaka 1911 mtafiti wa Uingereza, Thomas Graham Brown, alionyesha kuwa hata paka aliyekatwa kamba hiyo, miguu yake ya nyuma bado hupiga hatua. Ndiyo maana unaweza kuvuka Kenyatta Avenue macho yakiwa kwenye simu (usijaribu, matatu hazina huruma).

Anayesema "twende" ni shina la ubongo, pale juu ya shingo. Mwaka 1966 watafiti wa Moscow walichochea sehemu moja hapo kwa umeme hafifu, paka akatembea. Walipoongeza umeme, akakimbia.

Sasa njoo Salgaa, barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret. Boda ikigongwa na mgongo wa mwendeshaji uvunjike, mara nyingi kinachoharibika ni njia ya amri. Seli zinazoendesha miguu, zilizo chini kiunoni, huwa bado hai, ila hazipati habari. Hapo ndipo Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch wa Lausanne, Uswisi, walipoona mwanya: mwaka 2018 walitangaza kuwa wanaume watatu waliopooza walipiga hatua tena baada ya kupandikizwa vifaa vya umeme mgongoni. Lakini walifanya mazoezi kwa miezi, na bado walihitaji vya kujishikilia.

Kinachouma ni kuwa mtu anaweza kupoteza miguu baada ya ajali, si wakati wa ajali. Wasamaria wema humdaka, mmoja makwapani, mwingine miguuni, wakamrusha kwenye pikapu. Mfupa uliovunjika unasogea na kukata kamba iliyokuwa nzima. Kama hakuna moto wala gari linalowajia, mwache alale, mshikilie kichwa kisigeuke, na upige 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ikibidi kumhamisha, tafuteni ubao na watu wanne au zaidi. Kichwa, shingo na mgongo visogezwe kwa pamoja. Na helmeti, maadamu anapumua vizuri, msiivue.