Gari za Fowili Zinazoongozwa kwa Umeme



Tangu msimu uliopita wanachama kadha wa kadha wametuuliza habari za pikapu zinazoletwa siku hizi, ambazo hazina tena ule mkono wa pili wa gia ubavuni mwa dereva, bali zina kitufe cha kuzungusha kwenye dashibodi. Wengine wamekwisha zinunua, na wengine wanachangishana watu watatu au wanne ili wapate moja ya kuchukulia karafuu. Kwa kuwa fedha zinazotoka hapo ni fedha za msimu mzima, na pengine za misimu miwili, tumeona yafaa tueleze jinsi gari hizi zifanyavyo kazi, yale zinayoyaweza na yale zisiyoyaweza.

Hapana haja ya kueleza kwa nini mkulima wa Pemba hutaka gari ya namna hii. Mashamba yetu mengi yako vilimani na mabondeni, na udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Mvua za vuli nazo huja wakati karafuu zingali mtini. Karafuu mbichi zikilala guniani kwa sababu gari imekwama njiani, hupata moto na kugeuka rangi, na kazi yote ya wachumaji huuzwa kwa bei ya chini.

Nguvu inavyofika magurudumuni

Katika gari ya kawaida injini huzungusha magurudumu mawili tu. Katikati ya ekseli yake mna kifaa ambacho mafundi hukiita difu. Kazi yake ni kuyaacha magurudumu hayo mawili yazunguke kwa mwendo mbalimbali, kwani gari ikikata kona gurudumu la nje huenda safari ndefu kuliko la ndani.

Lakini difu ina ila moja, nayo ni kwamba huyagawia magurudumu mawili nguvu sawasawa. Gurudumu moja likiwa katika tope laini, nguvu ya kulizungusha ni ndogo sana, na la pili nalo hupata kiasi kile kile kidogo. Ndiyo sababu tunaona gurudumu moja likirusha matope, na la pili limesimama kimya ingawa liko juu ya udongo mgumu.

Gari ya fowili ina gia boksi ya pili, ndogo, iliyo nyuma ya ile kubwa, nayo huitwa transfa. Ndani yake, katika pikapu nyingi, mna mnyororo wa chuma unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele. Kitufe kikiwa kwenye 2H, gari huvutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Kikiwa kwenye 4H, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja. Kikiwa kwenye 4L, zimefungwa vile vile, lakini nguvu hupita katika gia nyingine inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu, katika pikapu nyingi karibu mara mbili na nusu. Gari nyingine huandikwa H2, H4 na L4, na maana ni hiyo hiyo.

Kazi ya mkono imepewa mota

Wazee wetu walioendesha Land Rover za zamani watakumbuka kile kitufe cha manjano na mkono mwekundu. Dereva mwenyewe ndiye aliyesukuma chuma kikashikana na chuma, na aliyasikia meno yakiingia. Katika gari nyingine ilimbidi hata ashuke topeni azungushe habu za magurudumu ya mbele kwa vidole.

Katika gari za sasa chuma kilichomo ndani ya transfa ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mkono wa dereva umeondolewa, na mahali pake pamewekwa waya, kompyuta ndogo na mota ya umeme.

Basi dereva azungushapo kitufe huwa anapeleka ombi tu. Ombi hilo hufika kwenye kompyuta, nayo hutazama kwanza mambo kadha: gari inakwenda mwendo gani, gia iko wapi, umeme wa betri unatosha au hautoshi. Ikiridhika hupeleka umeme kwenye mota iliyofungwa ubavuni mwa transfa. Mota huzungusha kijiti, kijiti husukuma uma, na uma husogeza pete yenye meno mpaka ishikane na mwenziwe. Kwenye mota hiyo mna sensa inayoiarifu kompyuta uma umefika wapi. Wakati huo huo kifaa kingine huunga ekseli ya mbele, na kifaa hicho katika gari nyingine ni mota ndogo, na katika nyingine huvutwa kwa hewa kupitia mipira myembamba.

Kazi hiyo ikiendelea, taa ya dashibodi humetameta. Meno yakiisha kushikana, taa hutulia. Dereva anayekanyaga mafuta wakati taa ingali ikimetameta anayatwisha nguvu ya injini meno yaliyoingia nusu, na hapo ndipo yanapovunjika.

Kwa kawaida 4H huweza kutiwa gari ikiwa inakwenda, kwa mwendo usiozidi ule ulioandikwa katika kitabu cha gari, na magurudumu yakiwa hayatelezi. 4L ni mbalimbali. Kwa gari nyingi yapasa usimame kabisa na uweke gia nyutro, ndipo uzungushe kitufe. Usipofanya hivyo kompyuta hulikataa ombi lako, na wengi huliona jambo hilo kuwa ni ubovu wa gari, hali ni ulinzi wake.

Gari zinazojiamulia zenyewe

Kuna pikapu nyingine zenye hatua ya ziada, iliyoandikwa AUTO au 4A. Katika hizo, mahali pa pete ya meno mna sahani nyembamba zilizopangwa pamoja kama klachi. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko wake. Kompyuta hulinganisha hesabu za mbele na za nyuma, na ikiona ya nyuma yanazunguka zaidi, hujua yanateleza. Hapo hubana zile sahani, na nguvu hupelekwa mbele kwa kadiri ya ule mtelezo, kabla dereva hajawahi kufanya lolote. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitia mfumo wa namna hii, uitwao Autotrac, katika pikapu zake mwishoni mwa miaka ya 1990.

Sensa hizo hizo za breki hufanya kazi nyingine yenye faida kubwa kwetu. Kama tulivyosema, gurudumu lililo topeni humnyima nguvu mwenziwe. Hata ukiwa katika 4H, gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakikosa pa kushika, gari yaweza kusimama pale pale. Gari za sasa hulitibu jambo hili kwa breki: kompyuta hulibana lile gurudumu linalozunguka bure, na kwa kuwa sasa linahitaji nguvu kubwa kulizungusha, difu hulipa la pili nguvu kama hiyo, na gari husogea. Dereva husikia mngurumo na mtikisiko chini ya miguu yake, wala asishtuke wala asiache mafuta ghafula. Gari zenye difloki hufanya zaidi ya hayo, kwani hiyo huyafunga magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kama kitu kimoja. Lakini difloki ni ya kutokea topeni polepole, gari ikienda moja kwa moja. Ukishatoka uifungue.

Mambo yanayoziharibu

La kwanza ni kutumia 4H juu ya lami kavu. Gari ikikata kona, magurudumu ya mbele huenda safari ndefu kuliko ya nyuma. Transfa ikiwa imezifunga ekseli mbili pamoja, tofauti hiyo haina pa kutokea. Topeni tairi huteleza kidogo na mambo huisha, ila juu ya lami tairi hushika, na mkazo wote huingia katika mnyororo na shafti. Gari huwa nzito kukata kona, na kitufe kikirudishwa 2H taa hukataa kutulia. Dawa yake ni kurudi nyuma hatua chache moja kwa moja, mkazo ulegee. Zipo gari zenye difu ya tatu ndani ya transfa, kama zile Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select, ambazo 4H yake inaruhusiwa juu ya lami. Lakini si kila L200 inao mfumo huo, kwa hivyo soma kitabu cha gari yako, usitazame ya jirani.

La pili ni tairi zisizolingana. Chukua tairi ambayo mzunguko wake ni mita 2.20 na nyingine ya mita 2.25. Katika kilomita moja ile ndogo huzunguka kama mara kumi zaidi. Katika 4H tofauti hiyo ni mkazo ule ule tulioutaja. Katika gari ya AUTO ni vibaya zaidi, kwa sababu kompyuta haioni tope. Inaona hesabu tu, na kwa hesabu hizo huweza kudhani kwamba gari inateleza siku nzima. Itabana sahani bila sababu mpaka ziungue.

La tatu ni chumvi na maji. Sisi ni watu wa kisiwa, na hewa ya bahari hula vichwa vya waya. Tunaijua pikapu moja ambayo mwenyewe aliambiwa kwamba transfa imekufa na yataka nyingine nzima, na alikuwa ameanza kutafuta mkopo. Alipokwenda kwa fundi wa pili ilionekana kwamba kichwa cha waya wa mota kilikuwa kimeota kutu ya kijani. Kikasuguliwa, na gari ikafanya kazi. Kwa hivyo taa ikikataa kutulia, kabla hujakubali transfa ifunguliwe, atazamwe kwanza betri na fyuzi, kisha waya zinazoungwa kwenye bodi, vichwa vya waya, na mipira ya hewa kama gari inayo. Fundi asome ile alama ya ubovu ambayo kompyuta huiweka. Asiye na chombo cha kuisomea anakisia tu, na makisio yake utayalipa wewe.

La nne ni kukaa bila kutumika. Toyota huwaagiza wenye gari zake za fowili waendeshe katika magurudumu manne si chini ya kilomita 16 kila mwezi, ili mafuta yafike kwenye vyuma vya mbele. Fanya hivyo kwenye njia ya udongo, hata wakati si wa msimu.

Jambo ambalo kompyuta haiwezi

Magurudumu manne husaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Gari iliyopanda kilima kwa urahisi katika 4H ina breki zile zile na tairi zile zile wakati wa kushuka, na magunia nyuma huizidishia uzito. Kabla ya kushuka mteremko wa utelezi, simama juu pakavu, tia 4L, weka gia ya kwanza, na uiache injini izuie mwendo. Tairi zilizokwisha meno hakuna kompyuta itakayoziokoa, na haifai kupakia wachumaji juu ya magunia kwa kutumainia fowili.

Anayenunua gari iliyokwisha tumika

Kabla fedha hazijatoka mkononi, tunawasihi wanachama wafanye haya:

1. Tazama kwamba tairi zote nne ni za kipimo kimoja na zimelika sawa.
2. Washa gari. Taa za fowili ziwake kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa huenda imetolewa kusudi.
3. Kwenye njia ya udongo tia 4H, kisha simama utie 4L, kisha rudi 2H. Kila mara taa itulie baada ya muda mfupi.
4. Chungulia chini, utazame waya za mota ya transfa na sensa za magurudumu, kama zimekatika au zimefungwa kwa vitambaa.
5. Dai kitabu cha gari. Kama ni cha Kijapani, tafuta cha lugha unayoijua.

Muuzaji anayekataa gari yake isijaribiwe udongoni, heri umwachie gari yake. Kuuliza si ujinga, na maswali ya mambo haya yaletwe ofisini au kwa wajumbe wa matawi kabla ya msimu kuanza, tuyajibu Insha-Allah katika toleo lijalo.

Katibu