DHAMANA KWA KUPINDUKIA MUDA WA UPELELEZI NCHINI INDIA: HAKI ISIYODAIWA HUPOTEA

Wananchi wengi wa Visiwa hivi husafiri kwenda India kwa matibabu, masomo na biashara. Aghlabu msafiri hushughulikia pasipoti, viza na fedha za matumizi, na ni nadra kuuliza sheria ya huko inasemaje iwapo yeye au jamaa yake atatiwa nguvuni. Makala haya yanaeleza haki moja ya mtuhumiwa nchini humo, awe raia au mgeni: haki ya dhamana pale upelelezi unapopindukia muda uliowekwa.

Sheria za jinai za India si ngeni hapa Zanzibar, kwani mwishoni mwa karne ya 19 zilitumika katika mahkama za Kiingereza zilizokuwepo Unguja. Huko India kwenyewe, Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1898 haikumruhusu hakimu kumweka mtuhumiwa rumande kwa ajili ya upelelezi kwa zaidi ya siku 15. Muda huo haukutosha, na polisi wakawa wanapeleka mahkamani hati pungufu ili mtuhumiwa aendelee kuzuiliwa. Sheria ya mwaka 1973 ikaongeza muda hadi siku 60, kwa sharti kwamba ukimalizika bila ya hati ya mashtaka kuwasilishwa, mtuhumiwa aachiwe kwa dhamana. Kiwango cha siku 90 kiliongezwa mwaka 1978. Tangu tarehe 1 Julai 2024, masharti haya yamo katika kifungu cha 187 cha sheria mpya, Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita ya mwaka 2023.

Kwa mujibu wa kifungu hicho, muda ni siku 90 kwa kosa lenye adhabu ya kifo, kifungo cha maisha, au kifungo cha miaka 10 au zaidi. Kwa makosa mengine ni siku 60. Zipo sheria maalumu zenye muda mrefu zaidi. Katika makosa mazito ya dawa za kulevya muda ni siku 180, na mahkama yaweza kuurefusha hadi mwaka mmoja kwa ripoti ya mwendesha mashtaka yenye kueleza sababu.

Inafaa ieleweke kwamba siku hazihesabiwi tangu kukamatwa. Huhesabiwa tangu hakimu alipotoa amri ya kwanza ya rumande, na siku hiyo ya amri nayo imo katika hesabu, kama ilivyoamua Mahkama ya Juu ya India mwaka 2023. Mathalani, mtuhumiwa aliyepelekwa rumande tarehe 1 Machi kwa kosa la siku 60, siku yake ya sitini ni tarehe 29 Aprili. Ikiwa hadi siku hiyo kupita hati haijawasilishwa, haki yake inaanza tarehe 30 Aprili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Haki hii haimfungulii mtu mlango wenyewe. Ni lazima mtuhumiwa aombe dhamana na awe tayari kutimiza masharti yake. Iwapo hati ya mashtaka itawasilishwa kabla hajaomba, haki hiyo huondoka, na itambidi aombe dhamana ya kawaida, ambayo mahkama yaweza kuikataa. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Mahkama ya Juu imeilinda haki hii mara nyingi. Mwaka 1979, katika shauri la mahabusu wa jimbo la Bihar, ambao baadhi yao walikaa gerezani muda mrefu kuliko adhabu ambayo wangepewa, iliagiza kwamba hakimu amweleze mahabusu haki yake kabla ya kumrejesha rumande. Mwaka 2017 iliamua kwamba ombi la mdomo linatosha. Aidha, mwezi wa Juni 2020, katika maradhi ya Uviko-19, ilikataa hoja kwamba kufungwa kwa shughuli nchini kuliwaongezea polisi muda.

Dhamana hii haina maana kwamba mtuhumiwa ameonekana hana hatia. Kesi huendelea, na mahkama yaweza kudai wadhamini au kuzuia pasipoti. Hata hivyo, kuwasilishwa kwa hati baadaye, peke yake, hakuifuti dhamana iliyokwisha kutolewa.

Kwa hivyo, jamaa wa aliyekamatwa wananasihiwa kuandika tarehe ya amri ya kwanza ya rumande, kumuuliza wakili kosa hilo lina muda gani, na kutayarisha wadhamini mapema. Vilevile, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyezuiliwa haki ya kutaka ubalozi wa nchi yake uarifiwe. Kwa Mtanzania, ubalozi huo upo New Delhi.