Euryops: usiuze mche bila maelezo
Wauzaji wenzangu wa maua, Euryops ile ya maua ya manjano ukipost picha tu inanunuliwa. Ila ndiyo imeniletea malalamiko kuliko zote. Mwanzoni nilikuwa namtuma bodaboda na mche, basi. Wiki mbili mteja ananitumia picha: majani chini, mizizi imeoza. Nimerudisha hela za miche minne.

Kosa langu, sikuwaambia kitu. Huu mmea asili yake Afrika Kusini, ukoo mmoja na alizeti. Unataka jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Mteja akiuweka sebuleni na kumwagilia kila siku, umekufa. Sasa kabla sijapokea hela namwandikia: "Weka nje juani. Ingiza kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu ndio umwagilie."

Kuzalisha sio kazi. Kata tawi changa lisilo na ua, kama sm 10, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Usiuze mpaka mizizi ijae kiriba. Maua yakinyauka yakate, yatakuja mengine.

Na picha ya tangazo piga ukiwa umechanua, lakini kama wa mteja una vitumba tu, mwambie mapema.