Kasoro ya Lugha kwa Mtoto wa Kisukuma: Suala la Upatanisho wa Ngeli

Mtoto wa Bariadi aingiaye darasa la kwanza akisema *kitabu yangu imepotea* huweza kudhaniwa kuwa ana kasoro ya lugha. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu 1967, ilhali watoto wengi wa mkoa wa Simiyu huanza na Kisukuma nyumbani. Kosa hilo, ambalo hata watu wazima hulifanya, laweza kuwa la mwanagenzi wa lugha ya pili tu.

Kasoro halisi haichagui lugha. Hujitokeza katika kila lugha aijuayo mtoto. Kwa hiyo Kisukuma ndicho kipimo cha kwanza. Nacho kina ngeli: *ng'wana wane* ('mwanangu') huwa *bana bane* katika wingi. Utafiti wa Katherine Demuth kuhusu Kisotho ulionyesha kuwa watoto huumudu upatanisho wa namna hii wakikaribia miaka mitatu. Basi mtoto wa miaka sita auvurugaye katika Kisukuma, tena mwenye msamiati haba kuliko wadogo zake, ndiye wa kuchunguzwa.

Huko Kilifi, Kenya, watafiti waliandaa orodha za maneno ya Kiswahili na Kigiriama, wakawahoji wazazi, hata wasiojua kusoma. Bariadi nako mzazi ndiye shahidi wa karibu, maana mwalimu humsikia mtoto kwa Kiswahili zaidi.